Mgeni Aliyemvua Sheikh Dhima

Wamepokea wazee wetu kutoka kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Hudaybat, pwani ya Uarabuni, alikuwako kadhi mchamungu, Luqman bin Tahir, ambaye hakupata kusikika akila kiapo hata cha mzaha.

Mtawala wa mji huo, Sheikh Mudhaffar, alikuwa na adui upande wa jangwani aliyekwisha kuteketeza miji ya jirani. Mfa maji haishi kutapatapa. Sheikh akapeleka ujumbe kwa dola kubwa ya ng'ambo, akiomba kuwekwa chini ya himaya yake. Manowari ikaja, na balozi akashuka na maneno matamu na sharti moja: akabidhiwe Ghanim bin Rashid, aliyemuua afisa wa dola hiyo siku dola hiyo ilipokichoma moto kijiji cha Ghanim.

Na Ghanim alikuwa wapi? Nyumbani kwa Sheikh mwenyewe. Aliingia barazani akikimbizwa, akashika pindo la joho lake, akasema, "Nimeingia kwako," naye Sheikh akampokea. Kwa ada ya watu wale, atamkaye hivyo akapokewa, damu yake ni dhima shingoni mwa mwenyeji, wala hakuna awezaye kuivua dhima hiyo ila mgeni mwenyewe, kwa ulimi wake, mbele ya mashahidi.

Sheikh akamwita Kadhi faragha. "Maulana, mtu huyu ana silaha, na wake na watoto wangu wamo nyumba hiyo hiyo. Kwa nguvu hatoki. Mwapie kuwa balozi atamsikiliza kisha atamrejesha salama. Wewe atakuamini."

"Na balozi atamrejesha?"

Sheikh akatazama pembeni. "Ni mji mzima, Kadhi. Na binti zako wamo."

Kadhi Luqman aliogopa. Tusimvike ushujaa asiokuwa nao. Wakimbizi wa miji ile iliyoteketezwa aliwaona, na baadhi yao aliwazika kwa mkono wake. Alikwenda chumbani kwa mgeni huku akimwomba Mola asimwache akateleza.

Akaketi mbele ya Ghanim, akasema, "Nimetumwa nije nikuapie kwamba utarudi salama. Siapi, kwa kuwa hutarudi. Ukibaki, manowari itaondoka na adui ataingia. Hayo ndiyo niyajuayo."

Ghanim akauliza, "Binti zako wamo mjini?"

"Wamo."

"Basi nipatie maji nitawadhe."

Akaswali, akaliweka jambia lake chini, akatoka mwenyewe mpaka barazani walipokusanyika wakubwa wa mji. "Shuhudieni," akasema. "Sheikh, nimekuvua dhima yangu. Usiulizwe na Mola kwa kunitoa." Kisha akateremka bandarini bila kushikwa na mtu.

Alasiri ile ile watu wa manowari wakamnyonga mlingotini, watoto wa mji wakiona, na bendera ya dola ikapandishwa juu ya ngome. Adui akapata habari, akageuza farasi wake. Mji uliokoka, ni haki kulisema hilo pia.

Lakini Sheikh usingizi ulimpaa. Ikawa siku moja akaenda kwa Kadhi, mtawala mzima, akakaa mkekani kama mshtakiwa.

"Alinivua dhima," akasema. "Ulisikia kwa masikio yako."

"Nilisikia."

"Basi niambie kuwa sina deni kwake."

Kadhi akainamisha kichwa. "Kwa kumtoa, alikuachia. Ama kile kiapo cha uongo ulichonituma nikamtoe nacho, hakukitaja, Sheikh. Amekwenda nacho mbele ya Mola wake."

Sheikh akalia mpaka ndevu zikalowa. Kadhi naye akalia pamoja naye, kwa huruma, lakini neno lake hakulipunguza.

Ndugu zangu katika imani, tukiikosea haki ya Mola tunatubu kwake usiku na mchana, na mlango wake haufungwi. Haki ya mja huombwa kwa mja mwenyewe, na yule walikuwa wamekwisha kumnyonga.