Farasi Aliyegawanywa Akiwa Hai

Mtu mmoja alikuwa na watoto watatu na farasi mmoja. Aliishi kwenye miteremko ya juu kunakolimwa ngano na shayiri, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka na watu hufuga ng'ombe wa maziwa. Farasi wake alikuwa jike wa rangi ya kahawia, jina lake Sifa. Kila asubuhi Sifa alishusha madumu ya maziwa hadi barabarani. Jumapili alimbeba mama wa nyumba hiyo kwenda kanisani, kwa kuwa magoti ya mama yalikuwa yamekwisha na njia ni ya mawe.

Mtu huyo alikuwa na desturi yake. Alipofika bandani hakumgusa farasi kwanza. Alisimama mlangoni akamtazama: amesimamaje, anapumuaje, masikio yameelekea wapi, kinyesi kikoje, maji ya ndoo yamepungua kiasi gani. Baada ya hapo ndipo alipoingia. Nafaka hakumpa ila siku za baridi kali, na hata hapo kiganja tu. Alimwachia kilima. Sifa alitembea huko mchana kutwa na punda wa jirani, akala majani makavu, akalamba magadi kwenye ukingo wa korongo. Watu walipouliza anampa dawa gani hata akawa na afya vile, mtu huyo hakuwa na la kutaja.

Akafa bila kusema farasi ni wa nani.

Katika ukoo huo mnyama akichinjwa, kila mmoja ana kipande chake, na kipande hicho hujulikana tangu mtu azaliwe. Mzaliwa wa kwanza hupewa miguu. Mdogo hupewa kichwa na tumbo. Mtoto wa kike hupewa mgongo. Hakuna anayekula cha mwenzake, wala hakuna anayeuliza mwenzake amekipikaje. Siku ya kumaliza matanga watoto walibishana juu ya farasi mpaka chai ikapoa. Mmoja hakutaka auzwe, mwingine hakutaka akae kwa mwenzake. Baba yao mdogo akachoka. "Kwani nyama mnagawanaje?" akasema. "Mgawane hivyo hivyo, tuondoke tukakamue." Watu wakacheka. Mama naye akacheka.

Watoto hawakucheka. Kesho yake Aminieli, mkubwa, alishika miguu. Zefania, mdogo wake, alishika kichwa na tumbo. Dada yao Anansia alishika mgongo.

Nao Aminieli na Zefania walikuwa hawasemezani. Siku ya mazishi Aminieli alisema mbele ya watu kwamba mdogo wake alikuja kumwuguza baba wakati baba hahitaji tena kuuguzwa. Tangu hapo Zefania hakumjibu neno, si jema wala baya. Waliishi kiambo kimoja, wakachota maji bomba moja, na lililokuwa la lazima walilipitisha kwa Anansia.

Msidhani walikuwa wavivu. Laiti wangekuwa wavivu, farasi asingeumwa. Aminieli alinunua tupa na kisu cha kwato. Alizisafisha kwato asubuhi na jioni, akazisawazisha, akazipaka mafuta, wala hapakuonekana hata chembe ya tope. Zefania alimchemshia farasi shayiri, akaichanganya na sukari guru, akampa ndoo nzima, kisha nyingine. Kwa kuogopa asile kilimani kitu asichokijua yeye, alimfunga bandani. Alisema kila kinachoingia kwenye kinywa kile lazima kipite mkononi mwake. Anansia alimpiga brashi, akamshonea blanketi, akaweka sufu chini ya tandiko lisimchubue. Maziwa sasa yalishushwa kwa mkokoteni. Jumapili tu ndipo Sifa alipotolewa, naye akapita kijijini anang'aa, na wapita njia wakasema marehemu ameacha watoto.

Mvua zilipokwisha, Sifa alianza kuchechemea.

Alisimama ametanguliza miguu ya mbele, uzito wote ameurudisha nyuma, kama mtu anayeogopa kukanyaga makaa. Aliinua mguu huu, akaushusha, akainua ule. Aminieli alishika ukwato mmoja akaona una joto. Akakata zaidi, akidhani pana jiwe au usaha. Hakukuta kitu. Akaukata na wa pili. Akakanda tope na majani aliyomwona baba yake akiyatumia, akafunga kwa magunia. Alifanya yote hayo kwa mikono safi na moyo wa kweli, na farasi akazidi.

Zefania aliona farasi wake hachangamki. Akasema moyoni: huyu anaharibiwa miguu mchana, nami nitamtia nguvu jioni. Akaongeza shayiri.

Anansia alipopitisha brashi aliona shingo imevimba kwa juu, ngumu kama gogo. Ilikuwa hivyo tangu kabla ya mvua kwisha. Hakusema. Shingo, kwa hesabu ya nyama, huenda pamoja na kichwa. Ilikuwa ya Zefania, na Zefania ana macho.

Siku moja Zefania alipokuwa shambani, Aminieli alimwita daktari wa mifugo. Daktari alishika kwato, akamtazama farasi kwa upande, akauliza, "Anakula nini huyu?"

"Daktari, mimi ni wa miguu."

Daktari alidhani hakusikika. "Nimeuliza chakula."

"Nimesikia. Chakula kina mwenyewe."

"Basi kamwulize mwenyewe."

"Hatusemezani."

Daktari alimtazama Aminieli muda mrefu kuliko alivyomtazama farasi. Kisha akachoma sindano ya maumivu. "Dawa hii itamtuliza," akasema akifunga mkoba. "Haitajibu swali langu. Mkipata jibu, niiteni."

Aminieli hakuuliza. Alijiambia kwamba akimwuliza mdogo wake, itakuwa amekiri kwamba kazi yake imemshinda. Dawa ilituliza, kisha ikaisha nguvu. Sifa akalala chini, naye farasi hapendi kulala chini watu wakimtazama. Aligumia kwa maumivu, na sauti ikafika hadi chumbani kwa mama. Mama akawaita mmoja mmoja, maana kuwaita pamoja hakukuwezekana, akawaambia kila mmoja neno lilelile: kama hawawezi kumponya, wasimtese.

Ndipo Aminieli akamwendea Nnko, jirani mwenye bunduki ya kibali, anayewapiga nguruwe pori wanaovamia mashamba.

Nnko alikuja asubuhi. Akamwamkia mama aliyekuwa ameletewa kiti uani, akaingia bandani, akamtazama farasi, akatia risasi. Kisha akasimama bila kuinua bunduki.

"Mwenye farasi ni nani?"

"Nimekuita mimi," akasema Aminieli.

"Kuniita umeniita. Niliwahi kumpiga ng'ombe kwa kuitwa, mwenyewe akatokea ng'ombe amekwisha kulala. Nauliza mwenye farasi."

"Mimi ni mwenye miguu."

Nnko akageukia mlangoni kumtazama mama pale uani, aone kama ni mzaha. Mama aliinamisha macho.

"Aminieli, mimi risasi siipigi miguuni. Inaingia kichwani. Kichwa ni cha nani?"

Aminieli akamgeukia dada yake. Zefania alikuwa hapohapo, ameegemea nguzo ya banda, mikono nyuma.

"Anansia," akasema Aminieli, "mwambie ndugu yako anahitajika kutoa kichwa."

"Amesikia," akasema Anansia.

"Mwambie."

"Mnanichezea?" akasema Nnko. "Kitu kimeshatiwa risasi hiki."

Zefania akasema, naye akimtazama dada yake tu, "Mwambie kama miguu imemshinda, asitafute kichwa cha kusingizia. Mwambie nimetoa. Lakini ale kwanza. Hatakufa na njaa mikononi mwangu."

Akaingia jikoni akatoka na ndoo. Mvuke wa shayiri ulipanda, na harufu ya sukari guru ikajaa banda. Sifa aliposikia mlio wa ndoo aliinua shingo. Akajaribu kusimama. Akatanguliza miguu ya mbele, ikamkataa, akaanguka kwa magoti. Akajaribu tena. Anansia akaziba uso kwa kanga. Aminieli alipiga magoti akaushika mguu wa mbele, apate kumsaidia kuinuka au ampe mkono wa kwaheri, yeye mwenyewe hakujua. Ukwato ulikuwa wa moto.

"Mwambie pia," Zefania aliendelea, "mwambie kila jioni nimemwongezea, kila jioni, nifidie anayoyaharibu yeye mchana. Na kila asubuhi namkuta ana hali mbaya zaidi."

Aminieli hakuachia ukwato. Kila jioni ndoo, na kila alfajiri joto. Yeye ndiye aliyelijua joto la alfajiri, na alikuwa hajamwambia mtu. Swali la daktari likamrudia, pamoja na jibu alilompa. Akaelewa kwamba akinyamaza sasa, risasi italia, hakuna atakayemlaumu, na watu watasema alifanya yote yaliyo katika uwezo wake. Na akisema, italazimu aseme mbele ya Nnko, mbele ya mama, kwamba farasi ameteseka kwa neno moja alilolizuia yeye kinywani.

Zefania alikuwa ameinama. Mdomo wa farasi ulikuwa umefika ukingo wa ndoo.

"Zefania, mdogo wangu," akasema Aminieli, "usimpe."

Zefania akabaki ameinama. Sifa alizidi kunyoosha shingo. Kisha Zefania akaivuta ndoo.

"Kwa nini?" Aliuliza kwa hasira, lakini alimwuliza kaka yake, si dada.

"Kwato zinachemka kila alfajiri. Daktari aliniuliza unampa nini. Sikukuuliza."

"Na hii shingo," akasema Anansia kwa sauti ndogo. "Imekuwa ngumu tangu mvua. Nilidhani unaiona, Zefania."

"Nilidhani ni unene."

"Nami nilidhani hivyo kwanza."

Nnko aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa? Nimalize au niondoke?"

"Nenda, kaka," akasema Zefania. "Tukikuhitaji tutakuja wote."

Nnko akatoa risasi, akaitia mfukoni, akatoka akitikisa kichwa. Zefania akaenda kumwaga shayiri kwenye shimo la mbolea. Kuku wakakimbilia huko wakipiga kelele, na mama, aliyekuwa ameketi uani na machozi, akawafukuza kwa fimbo yake bila kujua kwa nini anawafukuza.

Daktari alipoitwa mara ya pili alimkuta kila mtu bandani. Waliongea wote kwa pamoja mpaka akawanyamazisha. Aliposikia habari ya ndoo, ya joto, ya shingo, na ya kufungwa bila kutembea, alisema ugonjwa huu huingilia kinywani na kutokea miguuni, nao umekuwa ukiwaonyesha kila mmoja wao sehemu yake. Aliwakemea, kisha akafanya kazi. Alitoa dawa ya maumivu. Aliagiza nafaka na sukari vikome kabisa, farasi apewe majani makavu yaliyolowekwa kwenye maji, atandikiwe mchanga na makapi mengi apate mahali laini, na miguu itiwe kwenye maji baridi ya mto. Kwato zipunguzwe kidogo kidogo, na atakayezipunguza amwulize kwanza anayelisha, farasi amekulaje. Akiweza kutembea bila maumivu, arudishiwe kilima chake, na punda wake.

Haikuwa kazi ya siku chache. Mara mbili walidhani wamempoteza, na mara moja Aminieli alifika hadi mlangoni kwa Nnko, akageuka kwa kuwa alikuwa peke yake. Ndugu hao hawakupendana ghafla. Waligombana juu ya maji, juu ya mchanga, juu ya nani amesahau kufunga lango. Lakini waligombana kwa midomo yao, na farasi akiwa katikati yao wakimtazama.

Sifa alipona, ila si kama mwanzo. Madumu hakuyabeba tena. Alimbeba mama tu, polepole, kwenye majani pembezoni mwa njia. Kwenye kila ukwato ulitokea mfereji mdogo wa kuzunguka, alama ya majira yale mabaya, nao ukashuka kadiri ukwato ulivyokua. Mfereji ulipofika chini kabisa, Aminieli alimwita Zefania aje kuushika mguu. Akausugua mfereji huo kwa tupa mpaka ukaisha, taratibu, Anansia akiwa amemshika farasi kichwa.

Ninyi mlio na wazee majumbani, na wagonjwa, na watoto, na kazi mliyoachiwa na waliotangulia, jiulizeni mkiwa njiani kwenda nyumbani: ni nani kwenu anayeangamia wakati kila mmoja wenu anafanya vizuri sehemu yake?