Mwasile Mpasua Mafunjo na Njia za Lusangi

Zamani za mababu wa mababu zetu, nchi hii ya Lusangi ikiwa bado haina mtu, ni viboko na ndege tu, alizaliwa Mwasile mwana wa Ngelela, Ngelela mwana wa Sambwe, yule Sambwe aliyeua simba kwa mchi wa mkewe. Huyo ndiye Mwasile Mpasua Mafunjo, fahali mwenye nyayo pana, na habari zake nawapeni kama nilivyopewa na bibi yangu, bila kuongeza damu wala kuipunguza.

Watu wetu walikaa ng'ambo ya kinamasi, juu ya majabali ya Itunda, chini ya Mtemi Kalungwe, ambaye kila baada ya mavuno alituma askari kuchukua vijana kumi wakapigane vita vyake, na mzazi aliyemficha mwanawe alichomewa ndani ya nyumba. Mwaka alipochukuliwa Njelu, mdogo wake Mwasile, baba yao Ngelela aliushika mlango kwa mikono miwili. Askari wakaikata yote miwili, akafa pale pale kizingitini. Mwasile aliona. Hakulia. Alimzika baba yake, kisha akamwendea mama yake, Sekela.

"Mama, nashuka kinamasini. Nikipata njia ya kuvuka, nitawarudia."

Sekela alijua kwamba wanaume saba walikwisha kushuka huko na hakuna aliyerudi. Alimfungia unga na chumvi, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Hata huku juu tunakufa."

Miezi mitatu Mwasile alitembea ndani ya kile kinamasi, maji yakimfika kiunoni, ruba wakining'inia mapajani. Alifuata mapito ya tembo, kwa kuwa tembo hakanyagi panapozama. Alijifunza kuonja maji, akitofautisha yaliyolala na yanayotembea, na kuutambua mkondo wa Mto Mbasi kwa jinsi matete yalivyoinama. Kila alipopata ardhi ngumu alichanja mti kwa shoka: mikato miwili iliyosimama, na wa tatu ulioinamia upande wa kwenda. Kwenye kivuko cha pili mamba alimdaka mkono wa kushoto. Wakaviringishana majini, yule akivuta na huyu akichoma, mpaka mkuki ukapenya jichoni ukatokea tayani. Lakini mkono ulikwisha kubaki kwenye meno. Alikiunguza kidonda kwa moto, akalala siku nne juu ya kichuguu, nzi wakimla. Siku ya tano alinyanyuka akaendelea, na siku ya kumi mafunjo yakafunguka, akauona udongo mweusi, vijito vinavyoonyesha changarawe, na msitu ambao haujasikia shoka. Hapo ndipo alipolia.

Alirudi Itunda, akawatoa watu mia nne alfajiri moja, mbuzi wamefungwa midomo. Kalungwe alipokuta majivu ya baridi mekoni, alishuka na jeshi lake lote.

Mwasile aliwatanguliza watu wake pamoja na Sekela, yeye akabaki nyuma, mahali njia inapogawanyika. Alama za kweli akazipaka tope. Akachanja nyingine kwenye miti iliyoelekea uwanja wa nyasi mbichi, nzuri kwa macho, ambazo chini yake hapana kitu ila tope lisilo na mwisho. Akajificha kwenye matete.

Jeshi likafika, na aliyeongoza alikuwa Njelu, sasa askari, ana ngao ya Kalungwe mkononi. Akaugusa mti uliochanjwa. Tangu utotoni, wakiwinda digidigi, ndugu hawa walichanja hivyo hivyo.

"Hii ni alama ya kaka yangu," akawaambia wenzake. "Mkono wake haudanganyi. Twendeni."

Mwasile alisikia kila neno. Kama angeita, Njelu angepona na watu mia nne wangechinjwa. Alijiziba mdomo.

Waliingia wakikimbia. Wa mbele wakazama hadi kifuani, wa nyuma wakawakanyaga vichwa watafute pa kusimama, wakazama nao. Mamba wakaja kwa harufu ya damu. Waliofika ukingoni wakitambaa, Mwasile aliwapokea kwa shoka, mmoja baada ya mwingine, mpaka mpini ukamteleza. Hapo akasikia sauti.

"Kaka. Ni mimi, Njelu. Nipe mkono."

Tope lilikuwa limemfika shingoni. Lakini hatua ishirini kutoka pale Kalungwe alikwisha kushika mzizi, anajivuta nje. Mwasile alimwendea Kalungwe kwanza, akampasua kichwa hadi menoni. Alipogeuka, juu ya tope vilibaki vidole. Alivishika akavuta mpaka bega lake likateguka. Tope halikumrudisha mtu.

Lusangi walimpokea kwa nyimbo. Yeye hakula. Alimweleza mama yake yote, na Sekela akamwuliza neno moja tu: "Alikuita?"

"Aliniita, mama."

Sekela alijifunika uso, na hadi kufa kwake hakusema naye tena.

Miaka saba Mwasile aliifungua nchi hii, akatoboa njia za msituni, akavipa majina vivuko na chemchemi tunazokunywa. Kisha akawakusanya watu, akatamka: "Anayezama avutwe kwanza. Jina lake aulizwe akiwa nchi kavu." Akapanda mtumbwi, akashika upondo, akaingia mafunjoni wakati wa masika. Hatukumwona yeye, wala mtumbwi, wala mfupa.

Ndiyo maana kwenye kila njia ya Lusangi, pale maji yanapoanza, mtakuta kamba ya ukindu imefungwa mtini, na hakuna anayethubutu kuiondoa. Mwaka wa mafuriko makubwa walizama watu kumi na wawili waliokuja kutuibia ng'ombe, na mikuki yao ikiwa na damu ya wachungaji wetu. Tuliwavuta wote kumi na wawili. Tukawaosha uso. Kisha ndipo tulipowauliza majina.