Pua ya Huzaima na Mbwa Asiyeshikwa na Kupe

Katika zama zile ambazo wafalme walikuwa na raha nyingi na kazi chache, mji wa Rihani ulitawaliwa na Sultani Shahabu bin Dhahiri, mtu karimu na mpole, na mpenda manukato kupita kiasi, hata farasi wake walioshwa kwa maji ya waridi, na hakuna aliyepita lango la kasri, awe balozi au mchukuzi wa kuni, ila amefukizwa udi na kunyunyiziwa marashi tangu utosini hadi nyayoni. Na mji wote ulinukia, na wageni wakirudi kwao na mafua.

Basi Mwenyezi Mungu, asiyemsahau mja aliyejisahau, akamletea kupe. Walikuja na ng'ombe mia wa zawadi kutoka bara, na kutoka zizini wakapanda ngazi za kasri, wakaingia katika mazulia na mito na vilemba, wala hawakujali udi wala ambari. Na ada ya baraza ilikuwa kwamba Sultani akiinua mkono wa kulia, mshitakiwa ameachiwa huru. Na kwa kuwa kupe mmoja alijichimbia nyuma ya sikio la kulia la Sultani, katika juma moja wezi kumi na mmoja walikwenda zao nyumbani, na wa kumi na mbili alikuja mwenyewe kwa hiari yake, ashitakiwe mapema kabla Sultani hajapona.

Hapo ikapigwa mbiu kwamba atakayewafukuza kupe ataozwa Mwana Nargisi, binti wa Sultani, na atakayejaribu akashindwa atanyolewa kichwa na kufungwa katika zizi la ng'ombe mpaka kupe washibe. Hakujitokeza mtu. Ndipo waziri akasema kwamba mambo ya harufu yana wenyewe, na aitwe Huzaima, fundi mkuu wa marashi, apewe siku tatu.

Huzaima aliposikia alijua amekwisha, kwani alikuwa na siri ambayo ikijulikana ingemwaga unga wake: pua yake ilikuwa imekufa. Aliugua homa miaka sita nyuma, akapona yeye na pua isipone, na tangu hapo alichanganya marashi kwa kukumbuka vipimo, kisha akafumba macho na kuguna kwa raha mbele ya wateja. Aliishi na mbwa mzee aitwaye Mstahiki, aliyefukuzwa na mabwana watatu kwa uvundo wake, na Huzaima alimpenda kwa moyo wote, asijue watu wanamwonea nini maskini yule.

Siku ya tatu, kwa kukata tamaa, akafungua chupa ya babu yake aliyousiwa asiifungue, na moshi ukatoka, na katika moshi akasimama jini mrefu kama mnazi, akijikuna kwa mikono yote minne.

"Mimi ni Kaukabani, mtumwa wa chupa hii," akasema jini, "nawe una ombi moja kwangu. Taja kasri, taja lulu."

Huzaima akasema hataki kasri wala lulu, anataka kupe waondoke. Jini akainamisha kichwa kwa haya.

"Bwana wangu, nimepewa amri juu ya bahari na upepo na dhahabu. Kupe hawakutajwa. Mimi mwenyewe nimefungiwa nao humu miaka mia saba."

Mara Mstahiki akaingia, akajikung'uta, akajilaza juu ya mguu wa jini. Jini akaziba pua kwa mikono miwili na machozi yakamtoka, lakini kupe wake wakaanza kudondoka na kukimbilia mlangoni. Akapekua manyoya ya mbwa yote, hakuona kupe hata mmoja. Akamwambia Huzaima kwamba hiyo ndiyo dawa, harufu ya mwili aliyoumbwa nayo mbwa huyu, ambayo kupe hawaistahimili, na kwamba ombi lake bado liko palepale.

Huzaima akamchukua mbwa mbio hadi kasri. Lakini mabawabu walikuwa watu wa ada na sheria, wakamwosha Mstahiki mara saba, moja kwa udongo, wakamfukiza udi na kummwagia marashi, na Huzaima, asiyenusa kitu, akaona wamepewa heshima kubwa. Walipofika mbele ya Sultani, kupe walitoka katika mazulia yote wakampanda mbwa, hata masikio yake yakawa kama vichala vya zabibu. Sultani akainua mkono wa kulia. Lakini baraza sasa lilijua kwamba anajikuna, na Huzaima akaburutwa kwenda kunyolewa.

Mwana Nargisi akanena nyuma ya pazia. "Baba, leo asubuhi nilimwona mbwa huyu langoni amelala kati ya ng'ombe, wala hakuwa na kupe hata mmoja. Tumemvua silaha mlangoni, kisha tunamhukumu kwamba hajui kupigana."

Sultani akajibu kwamba amri imekwisha pita. Binti akaomba jambo moja tu, kwamba huko zizini mbwa asioshwe, na hilo akakubaliwa.

Siku mbili Huzaima aliliwa na kupe akilia, na kila alasiri Mwana Nargisi alimpelekea chakula ukutani, akamwambia avumilie. Siku ya tatu uvundo wa Mstahiki ukaanza kurudi. Siku ya tano ng'ombe walikuwa wakisukumana kumkaribia, na Huzaima alikuwa amelala usingizi mnono bila ya kupe hata mmoja. Sultani akaitwa, akaja amejifunga kitambaa puani, na Mstahiki, ambaye hakuwahi kufundishwa adabu za kifalme, akamrukia na kumlalia begani. Kupe wa nyuma ya sikio akaachia. Sultani akashusha mkono wake, akatokwa na machozi, nusu kwa furaha na nusu kwa harufu.

Basi marashi yakapigwa marufuku langoni, na Mstahiki na wana aliowazaa baadaye wakapewa mazulia ya kasri kulalia, na mabalozi wakawa wanasema haja zao upesi na kuondoka. Na siku ya harusi jini akatokea, akamwuliza Huzaima mbele ya watu wote kama amrudishie pua yake iliyokufa. Siri ikafichuka, watu wakaguna. Huzaima akamtazama mbwa aliyelala chini ya kitanda cha harusi, kisha akamtazama bibi harusi, aliyekuwa na macho mekundu juu ya kitambaa.

"Ombi hili ni lako, mke wangu," akasema.

"Kaukabani," akasema Mwana Nargisi, "nifanye kama mume wangu."

Jini akampulizia, naye akafungua kitambaa, akavuta pumzi ndefu, akacheka. Sultani akauliza kwa unyonge kama hakuna ombi jingine. Hakukuwa na jingine.

Wakaishi kwa raha na mali nyingi. Na funzo lake ni kwamba anayekuja kukusaidia usimwoshe kabla hujajua amekuja na nini. Hekima hiyo Sultani Shahabu aliikumbuka kila alipovuta pumzi, maisha yake yote.