Maegesho ya Bwana Shekiondo

Ghorofa la Bwana Shekiondo pale Muheza lilipokaribia kuhamiwa, alikitaka na kiwanja cha jirani, walipopikia mama lishe, kiwe maegesho.

"Wapangaji wangu wote wana magari," alimwambia Bi Chausiku, mkaanga samaki. "Fungasheni majiko yenu."

"Tutafungasha, baba. Lakini tuyaone kwanza hayo magari. Jumapili namwoza mpwa wangu hapahapa. Waalike wapangaji wako wote waje kula pilau. Patakapojaa magari ni pako, patakapobaki patupu ni petu."

Shekiondo alicheka mpaka akashika tumbo. Wakapeana mikono mbele ya mjumbe.

Jumapili wapangaji walifurika. Walikuja kwa bodaboda, kwa bajaji, wengine kwa miguu na vumbi hadi magotini. Pilau ikalika ikaisha, na kiwanjani hapakuwa na gari hata moja.

"Magari yenu yako wapi?" Shekiondo alifoka.

"Langu liko gereji," alijibu mmoja.

"Langu limeishiwa mafuta," alidakia mwingine.

"Na lako, baba?" aliuliza Bi Chausiku, maana Shekiondo naye alikuwa ameshuka kwenye bajaji.

Shekiondo alikuna kichwa. "Nilisikia kila mwenye gari atabebeshwa wakwe na masufuria yao hadi Lushoto. Nikasema langu moja likikosekana, nani ataona? Hivi nani alieneza maneno hayo?"

"Mimi," alisema Bi Chausiku, huku akimpakulia ukoko. "Wakwe wenyewe wanakaa nyumba ile pale."