Kwa Nini Jiwe la Mshipi Hufungwa kwa Kamba ya Mgomba

Haya, kaeni. Na wewe Nyange uache kununa, si wewe wa kwanza kuacha mshipi mzima wa kuvulia mwambani kwa sababu ya jiwe. Nimekaa hapa dikoni, mitumbwi inapofikia, tangu asubuhi nawafungia ndoana, mgongo unaniuma, macho yanatoka maji, halafu unaniuliza, bibi, kwa nini jiwe unalifunga kwa kamba ya mgomba na nailoni ngumu ipo tele. Ukalifungua, ukalifunga upya kwa nailoni yako, ukarudi hivyo ulivyorudi. Nitaeleza mara moja tu, maana nimechoka.

Kulikuwa na wakati jiwe na ndoana vilifungwa kwa uzi uleule. Mshipi ulisokotwa kwa nyuzi za mkonge pori, ndoana ikaning'inia juu kidogo, na jiwe likafungwa mwisho kabisa, imara, utadhani jiwe ndilo linalokwenda kuliwa. Watu wa diko hili walikuwa wakila tasi na changu wadogo basi. Chewa walimjua kwa kumwona. Maji yakiwa maangavu walimtazama kule chini, mkubwa kama mlango, amelala mbele ya pango lake wala hana habari nao. Kumpandisha hakuna aliyeweza.

Wakati huo alikuwapo mvuvi jina lake Ngwali, na mkewe Mize. Ngwali alitia nia kwamba chewa atamla. Kila akienda mwambani, jiwe linaingia katika ufa wa matumbawe, linakwama. Anavuta, mshipi unakatikia juu, na kule chini kunabaki jiwe, ndoana, chambo na pima nyingi za uzi. Anarudi nyumbani, anasimama mlangoni, anasema neno moja. "Umekatika."

Na kusokota ni kazi ya nani? Ya Mize. Mimi nimesokota nilipokuwa msichana, nyinyi hamjui. Unaupiga mkonge mpaka nyuzi zitoke, unazianika, halafu unakaa chini paja wazi, unazisokota hapo pajani uzi kwa uzi, na ule utomvu unawasha mpaka unataka kulia. Paja la Mize lilichubuka, likapona, likachubuka tena palepale penye kovu. Ngwali naye, kila ukikatika, anaagiza mnene zaidi.

Mize akasokota mnene. Jiwe likakwama vilevile, na safari hiyo mshipi ulikataa kukatika. Maji yakajaa, mtumbwi ukavutwa omo, ile pua yake ya mbele, chini mpaka ukaanza kuingiza maji, na Ngwali akalazimika kuukata kwa kisu, analia kwa hasira. Akarudi. Akasimama mlangoni.

Mize hakugomba, hata nguvu za kugomba hakuwa nazo. Alimtazama tu, akasema, "Ngwali, nitakusokotea mmoja. Huu ukikatika, usijisumbue kuja kuniambia. Nitakuwa nimekwenda kwetu kwa mama yangu, na sirudi."

Msimwone Ngwali hivyo, alimpenda mkewe. Maradhi yake yalikuwa chewa tu. Maneno yale yalimwingia, na chakula kikamshinda.

Basi Mize akasokota. Alipofika mwisho, pakabaki pa kufungia jiwe, na mkonge umekwisha. Kwenda kukata mwingine, kuupiga, kuuanika, hakuweza. Alinyoosha mkono palepale alipokaa, akafungua kamba ya mgomba iliyofunga mzigo wa kuni, kamba kavu, imeanza kuoza, akalifungia jiwe. "Jiwe haliliwi," alisema. "Silichubui paja langu kwa ajili yake."

Na chambo hali kadhalika. Desturi ilikuwa kumkatakata pweza vipande vidogo vidogo, na vile vipande samaki wadogo walikuwa wakividonoa vikaisha kabla havijafika chini. Siku hiyo Mize kisu hakukigusa. Alimpa mumewe mnyiri mzima, ndio mkono wa pweza, mrefu, na ngozi yake. "Tundika hivyohivyo," alimwambia, akaingia ndani.

Ngwali aliona kila kitu kimefanywa ovyo, lakini akaubeba mshipi hivyohivyo. Wenzake walimcheka pale dikoni, wakamuuliza anakwenda kuvua au anakwenda kutafuta kuni. Akausukuma mtumbwi. Akaenda mwambani, akashusha. Wadogo wakaudonoa ule mnyiri, ngozi ikawashinda, ukafika chini na kuchezacheza mbele ya pango. Chewa akafungua kinywa, akaumeza, akageuka akaingia ndani, akatanua mashavu akajibana. Na jiwe nalo, kama kawaida yake, likaingia ufani.

Siku nyingine yoyote Ngwali angevuta. Wavuvi wote walikuwa wakivuta. Lakini aliushika uzi akakumbuka lile paja lililochubuka, akaiona akilini nyumba yake haina mtu. Akaogopa. Badala ya kuvuta akaulegeza mshipi, akauzungushia kidoleni, akakaa. Tumbo halina kitu, jua linampiga utosini, na yeye kachoka jamani. Usingizi ukamchukua amekaa vilevile.

Chewa kule ndani alingoja avutwe. Hakuvutwa. Akalegeza mashavu. Akaona hakuna lolote, akatoka taratibu, aje alale mbele ya pango kama alivyozoea. Uzi ukambana Ngwali kidoleni, akazinduka, akavuta kwa mikono miwili. Jiwe liling'ang'ania ufani, ile kamba mbovu ikakatika, jiwe likabaki huko, na mshipi wote ukapanda na chewa wake.

Alipofika nyumbani alimkuta Mize amekaa sakafuni na furushi la nguo lipo tayari kando yake. Hakuwa amengoja kujua. Ngwali alimwacha chewa nje, akaingia na mshipi umelowa, akamwekea mapajani. "Huu hapa," alisema. "Mzima." Mize aliupitisha mikononi toka mwanzo hadi mwisho, pole pole, asipate mahali ulipokatika ila pale penye jiwe. Akalia kidogo. Kisha akalivuta lile furushi, akaliweka chini ya kichwa, akalala. Ngwali akatoka nje akakoka moto mwenyewe.

Tangu Mize alipolala siku ile, mwamba wetu huachiwa jiwe lake kwa kamba mbovu, mnyiri wa pweza haukatwi, na chewa akiingia pangoni mvuvi hulegeza uzi akatulia. Naye chewa mpaka leo hajajifunza, hutoka. Na siku anayoshushwa hapa dikoni, aliyefunga mishipi haingii jikoni.

Siku hizi uzi mnanunua dukani, paja la mtu halichubuki. Lakini ndoana hizo nimefunga mimi, na chewa yule pale jamvini, waliyemleta wenzako, kapanda na ndoana yangu. Kuni ziko nyuma ya banda, Nyange. Kichwa cha chewa usikipasue, kipike kizima. Nipe hilo furushi la tanga nilaze kichwa, mtaniamsha kikiiva.