Zimwi na Nyumba ya Mama Yake Reno

Sogeeni!
Tumesogea!

Hapo kale, milimani kwa Waminangkabau, nyumba na mashamba ya mpunga yalikuwa ya mama, kisha ya binti. Mjomba alikuwa mlinzi tu. Reno, yatima, alilindwa na mjomba wake, Katik. Siku moja zimwi likamkamata Katik bondeni, naye kwa woga akaliahidi nyumba ili limwachie. Asubuhi likaja.

"Katik, wanipa ngazi?"

"Nakupa." Likaimeza.

"Wanipa ghala?"

"Nakupa." Likalimeza, na mpunga wake.

"Wanipa nyumba?"

Reno akasimama mlangoni. "Koma, mjomba! Unatoaje mali ya mama yangu? Nawe zimwi, mwenyewe ni mimi, na sikupi!"

Zimwi likatapika ngazi, likatapika ghala, maana cha wizi hakikai tumboni. "Haya, binti. Hapa kipi ni cha Katik?"

Reno akatazama huku na huku.

"Mpwa wangu, taja chochote!" akalia Katik.

"Mjomba... hata mkeka ni wa mama."

"Basi amebaki na mwili wake," likasema zimwi, likafumbua kinywa.

Nyumba ingali imesimama. Mie nimemaliza, agawaye cha dada yake na ajihesabu.