Jibu kwa Tarishi Anayerudi

Mama mmoja wa milimani alikuwa na mwana, na kati yake na mwanawe palikuwa na kaburi dogo. Mama aliitwa Naghenjwa, mwana aliitwa Mbonea. Ndani ya kaburi alilala mtoto wa kwanza wa Mbonea, aliyeshikwa na homa akiwa na miezi minane. Baba yake alitaka kumteremsha hospitali siku ileile. Bibi yake akasema wangoje kwanza, mtoto anyweshwe dawa ya mizizi, maana mvua ilikuwa kubwa na njia ilikuwa mbaya. Wakangoja siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu mtoto alikufa. Mbonea akazika, na baada ya wiki moja akamchukua mkewe wakashuka bondeni, akapata kazi katika kiwanda cha mkonge. Hakumtukana mama yake, na wala hakumuaga.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Dada yake Mbonea, Nakundwa, alibaki na mama, na ndiye aliyekuwa akituma salamu bondeni. Mama mwenyewe hakutuma neno.

Sasa sina budi kuwaeleza habari za barua, ndugu zangu, nanyi mnivumilie. Waingereza wa zamani walikuwa na maneno waliyoyaweka katika barua zao: nijibu kwa posta inayorudi. Posta waliyoisema haikuwa nyumba wala sanduku, alikuwa mtu. Mjumbe aliyekuletea barua ndiye huyohuyo ambaye angerudi na jibu lako. Baadaye wajumbe wakaisha, yakaja magari, na maneno yale yakawa na maana ya kujibu kwa gari linalofuata. Baadaye tena yakawa na maana ya kujibu upesi tu. Maneno yalibaki yaleyale, na mtu aliyekuwa ndani yake akaondoka.

Huku kwetu milimani yalifika pamoja na tarishi. Tarishi wetu aliitwa Kalage, mtu mrefu asiyecheka, aliyebeba mfuko wa barua toka mlimani hadi bondeni, siku mbili kushuka na siku mbili kupanda. Watu wakayaandika maneno yale kwa lugha yetu chini ya barua: Jibu kwa tarishi anayerudi. Na yalimaanisha hivyo hasa. Kalage alipokuletea barua hakuitupa akaenda zake. Alikaa mlangoni kwako, akapewa uji, akanyoosha miguu yake yenye vumbi, akangoja. Kumwacha aondoke mikono mitupu ilikuwa aibu, sawa na kumfukuza mgeni mwenye njaa. Asiyejua kuandika alisema, naye akalibeba neno kichwani. Asiyekuwa na la kusema alimpa punje chache za maharage zilizofungwa katika jani la mgomba, maana yake: tupo, tumesikia, tunafikiri.

Tena Kalage alikuwa na macho. Barua ikisema hatujambo, naye alikuwa amemwona mwandishi akikohoa damu, alisema, “Imeandikwa hawajambo, lakini mimi nimeona.” Kwa sababu hiyo wazee wetu hawakuwa na desturi ya kuandika maradhi yao. Waliona ni kujililia. Waliandika lile la moyoni tu, na mengine walimwachia tarishi aliyewaona.

Majibu ya siku zile yalikuwa mafupi, na mengi yalikuwa na mwandiko wa kuku. Lakini yalirudi siku ya tano.

Barabara ilipochongwa, Kalage alipumzishwa, na muda si mrefu akafa. Gari likaanza kuchukua mfuko mara moja kwa wiki. Kule bondeni wakaweka masanduku yenye vifuli, kila mtu na ufunguo wake. Maneno ya chini ya barua yakaendelea kuandikwa, na mtu mmoja aliyachosha kuliko wote. Alikuwa mwalimu wa shule, aliyewaandikia barua wasiojua kuandika. Mwalimu huyo namfahamu kuliko ninavyopenda kumfahamu. Aliyapenda maneno yale kwa jinsi yalivyokaa vizuri mwishoni mwa ukurasa. Akayaweka chini ya kila barua: ya kuomba jembe, ya kusema mbuzi kazaa pacha, ya heri za Krismasi. Hakumuuliza hata mtu mmoja kama kweli anangoja. Nakundwa alipotuma salamu kwa kaka yake, yalikuwemo. Mbonea aliyaona mara thelathini, pengine arobaini, akayazoea kama mtu anavyozoea kifungo cha shati kisichofunga kitu.

Basi Naghenjwa akaugua. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akajua. Akamwita mwalimu, akamketisha karibu na kitanda, akasema, “Andika. Mimi ndiye niliyesema tungoje. Nilikosea. Umenisamehe?”

Mwalimu akangoja aendelee. Mama alikuwa amemaliza. Mwalimu akaona barua ni fupi mno, akaongeza salamu za majirani na habari za mavuno. Chini kabisa, kwa mazoea, akaandika yale maneno yake. Alipomsomea, mama aliitikia kwa kichwa kwa kila sentensi, na alipofika kwenye tarishi anayerudi, uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa mtu wa siku za Kalage. Kuhusu ugonjwa hakusema, na mwalimu hakuandika, kwa kuwa hakuagizwa.

Naghenjwa akahesabu. Siku mbili kushuka, usiku mmoja kupumzika kwa Mbonea, siku mbili kupanda. Siku ya tano akamwambia Nakundwa amwogeshe, amfunge kilemba safi, amtoe nje aketi akitazama njia. Akaketi mpaka baridi ikaingia. Siku ya sita vilevile. Siku ya saba hakuweza tena kuketi, wakamlaza juu ya ngozi hapo nje, na macho yake hayakuiacha njia. Watu waliopita walidhani anaota jua.

Siku ya tisa Nakundwa alimwendea mwalimu akilia, na mwalimu akaja kumweleza mama jinsi mambo yalivyo. Alipiga magoti, akasema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, na hata leo naona haya kwa sauti ile. Alimweleza habari za gari, na sanduku, na kifuli, na kwamba Mbonea huenda kulifungua anapopata nafasi. Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza:

“Kwani tarishi hakumwambia alivyoniona?”

Mwalimu akainuka, akaenda mbio shuleni, akaandika kipande cha karatasi: Mama yako anakufa, njoo. Gari lilikuwa limeondoka jana yake. Kipande kile kililala siku sita katika duka ambako barua zilingojea gari, juu ya meza, kikiwa kimekandamizwa na jiwe la mizani.

Na Mbonea je? Msimhukumu haraka, ingawa barua aliipata mapema. Siku ya nne tangu iandikwe alifungua sanduku, akaisoma palepale amesimama, kofia mkononi, watu wakimpita. Akalia mbele za watu. Moyo wake ulikuwa umekwisha samehe zamani. Alikuwa anangoja kuulizwa tu. Kama mtu yeyote angekuwa amekaa pale, mwenye vumbi miguuni, akimtazama, Mbonea angesema, “Mwambie ndiyo,” na jambo lingekwisha. Palikuwa na ukuta wa masanduku. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akarudi kazini.

Alitaka kujibu vizuri. Aliona kwamba miaka kumi na moja haijibiwi kwa neno moja. Jumapili akanunua karatasi nzuri zenye mistari, akaandika, hakupenda, akachana. Wiki iliyofuata mashine ya kiwanda iliharibika, wakafanya kazi zamu mbili. Mkewe alimkumbusha mara moja. Akamwambia, “Nitaandika nikitulia, siyo barua ya kuandika mtu amechoka.” Maneno ya chini ya barua aliyaona. Hakuyadhania kitu. Aliyajua tangu siku za mbuzi na majembe.

Hatimaye akatulia, akaandika kurasa nne. Nimezisoma, na nawaambieni sijawahi kuona barua kama ile. Alimwambia mama yake kwamba hata yeye alikuwa ameogopa mvua siku ile, na kwamba alipoambiwa wangoje alifurahi kidogo moyoni, na kwamba hiyo ndiyo sababu halisi ya kuondoka kwake: hakuweza kumtazama mtu aliyejua alivyofurahi. Alimwambia kwamba wamepata binti, na kwamba wamemwita Naghenjwa. Alimwomba mama ndiye amsamehe yeye. Hapakuwa na sentensi ya uongo katika kurasa zile zote.

Naghenjwa alikufa siku ya kumi na nne, mchana, akitazama njia. Alizikwa kesho yake, kando ya kaburi dogo. Siku ileile ya maziko gari likapanda likiwa na kurasa nne za Mbonea, likashuka na kile kipande cha karatasi cha mwalimu. Nakundwa alimwomba mwalimu amsomee barua ya kaka yake. Mwalimu alimsomea nusu ya ukurasa wa kwanza, zilizobaki akazisoma kwa macho tu, akamrudishia, na mpaka leo hakuna aliyemsomea iliyobaki.

Mbonea alipanda mlima siku nne baada ya maziko, na mtoto wake begani. Hakulia. Alimwita mwalimu pembeni, akamuuliza mama yake alitolewa nje siku gani kungoja. Mwalimu alitamani kudanganya, akasema kweli: ya tano. Mbonea akahesabu kwa vidole.

“Mwalimu,” akasema, “siku hiyo nilikuwa dukani nachagua karatasi.”

Akamshusha mtoto, akampeleka kwenye kaburi la bibi yake, akamwambia amsalimu. Mtoto akasalimu kama alivyofundishwa kuwasalimu wakubwa, kisha akamwangalia baba yake, akingoja aambiwe kama bibi ameitikia. Nakundwa ndiye aliyemshika mtoto mkono akaenda naye jikoni.

Nimewapa habari hii bila kuipunguza, na ile sehemu ya mwalimu nimeisema kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu. Mbonea hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, mfano huu ungekuwa mwepesi, nanyi mngerudi nyumbani mkimsema yeye. Alikuwa na upendo, alikuwa na msamaha, alikuwa na kalamu. Alitaka tu neno lake liwe zuri kabla hajalitoa. Nami nawatazama hapa mlipoketi, na najua kwamba wamo miongoni mwenu watu wenye ndiyo ya namna hiyo mfukoni mwaka wa pili sasa, wa tatu, wakingoja watulie. Basi niambieni: neno la kumsamehe mtu lazima liwe zuri kiasi gani ndipo litoke kinywani mwenu angali hai?